Simu Ambazo Hatukupiga

Jumanne, 3 Desemba

Ramani imefika. Nimeiona saa nne asubuhi mezani kwa mhariri. Karatasi ya faksi kutoka makao ya mtandao wa runinga, New York, bado ina joto la mashine, kaunti zote zimetiwa alama kuonyesha nani ataona mchezo gani wa futiboli ya Kimarekani Jumapili saa saba mchana. Ohio yote imepigwa mistari: Cleveland. Pennsylvania ya magharibi imejazwa vitone: Pittsburgh. Na sisi wa Vickers Mills, ambao tukitema mate kwa nguvu yanaangukia Ohio — vitone!

Wiki nyingine ningecheka. Mji huu umegawanyika tangu babu zetu: upande wa magharibi Cleveland, upande wa mashariki Pittsburgh, na wanaooana wakivuka barabara kuu husindikizwa kama wanahama nchi. Timu hizi mbili zikicheza kwa wakati mmoja, chaneli ni moja, mmoja lazima anune. Tumezoea kununa.

Lakini Jumapili hii! Mrushaji wa kwanza wa Cleveland, yule anayeongoza mashambulizi, amevunjika mtulinga. Wa pili goti limevimba kama boga. Wa tatu ni Dale. Dale wetu! Mtoto wa kaka yangu Emil, aliyekaa benchi miaka miwili kashika ubao wa kuandikia, kofia haijawahi hata kuloa jasho. Jumapili ndiye atakayeanza, kule Miami, mpira wa kwanza utapita mikononi mwake. Na mama yake hatamwona.

Maana wifi yangu Irma hatoki tena nyumbani. Mtungi wa oksijeni uko kando ya kitanda, bomba puani mchana kutwa. Baa ya Novak ina dishi, lakini Irma huwezi kumpandisha ngazi za Novak kwenye baridi hii labda kwa jeneza. Na mwaka huu hakuagiza mbegu za bustani. Kila Desemba huagiza. Mwaka huu katalogi imekaa juu ya friji, haijafunguliwa. Hakuna anayelitaja jambo hilo.

Nani katutia vitone? New York wanachora, ndiyo, lakini New York huuliza vituo vya mpakani: watu wenu wanataka upi? Na katika kituo chetu, Chaneli 19, anayejibu ni mtu mmoja. Merle Ostrander, msimamizi wa vipindi, mwaka wake wa ishirini na mbili kwenye kiti kile kile. Mke wake ni mzaliwa wa Pittsburgh.

Nimeandika maneno mia tisa kwa saa moja. "Mtu Mmoja, Penseli Moja." Nimesema kuwa wafalme wa zamani angalau walijulikana kwa taji, huyu wetu anavaa sweta. Nimemtaja kwa jina. Nimemtaja mkewe. Nimesema anakaa Quarry Lane kwenye nyumba nyeupe, anatazama apendacho. Gus, mhariri wangu, aliweka kidole kwenye mstari huo akauliza kama ni lazima tuseme anapokaa.

"Mfalme hana haki ya kujificha," nikamwambia.

Sentensi nzuri. Imenifurahisha mpaka jioni.


Jumatano, 4 Desemba

Makala imetoka! Simu thelathini na moja kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu wangu wa zamani wa Kilatini amepiga, ana miaka themanini na sita, akasema nimewachana kama sanda. Sijui anamaanisha nini lakini nimeshukuru.

Mchana nilipita karakana ya Emil. Wiki ya kuwinda kulungu hii, kila karakana ya magharibi ina mnyama ananing'inia. Msimu ulifunguliwa Jumatatu, na Jumatatu ile shule zinafungwa, kiwanda kinafungwa, hata mazishi husogezwa. Emil alikuwa anachuna. Ananipita miaka minne, na tangu utotoni kazi yangu ni kusema na yake ni kufanya. Marafiki zake watatu walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, fulana za rangi ya chungwa, wakisoma makala yangu kwa sauti. Walicheka pale penye sweta. Mmoja akasema mimi Leona nikifa ulimi wangu uzikwe peke yake, kaburi la pili. Nikamwambia wake hauhitaji kaburi, haujawahi kuishi.

Emil hakucheka. Aliuliza bila kuinua macho kwenye kisu:

"Nyumba nyeupe ipi? Ile yenye kibaraza?"

"Yenye kibaraza," nikasema. Kwa fahari! Kama mtoto aliyejibu swali darasani.

Nimerudi nyumbani nikapika supu. Ni sasa tu, nikiandika, ndipo swali lile limenirudia na sijui kwa nini limenirudia.


Alhamisi, 5 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi simu. Bi Opal wa mapokezi pale Chaneli 19, mwanamke ambaye hajawahi kunipigia maishani. Alisema mtu amepiga risasi taa ya kibaraza cha Merle. Kulipopambazuka tu. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango wa kibaraza, anamimina kahawa. Kioo kimemwangukia kwenye nywele. Hakuumia. Kisha Opal akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniua: "Nimeona ujue, kwa kuwa uliandika kuhusu nyumba yao."

Niliendesha gari hadi kituoni. Sijui nilitaka nini. Kuomba radhi? Sijui kuomba radhi, sina mazoezi. Njia nzima nilikuwa natunga hoja za kujitetea, na zilikuwa nzuri, zote.

Merle Ostrander ni mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Sweta lile lile. Alinipa kiti, akaniita Bi Leona. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha!

Alifungua droo akatoa daftari la shule. Ndani kuna kura. Ile kura ambayo mimi nimeicheka kwenye gazeti kwa miaka kumi: timu mbili zikigongana, Jumatatu watu hupiga simu kituoni, Bi Opal huchora mstari mmoja kwa kila nyumba, na jioni mistari mingi ndiyo Merle hupeleka New York. Hajawahi kwenda kinyume nayo. Niliita "demokrasia ya penseli." Nilifikiri ni kiini macho.

Jumatatu hii: Pittsburgh sitini na moja. Cleveland kumi na tisa.

Nikasema haiwezekani, magharibi peke yake ina nyumba mia nane.

"Jumatatu ilikuwa siku gani, Bi Leona?"

Jumatatu ilikuwa siku ya kulungu. Wanaume wote wa magharibi, na nusu ya wanawake, walikuwa porini tangu kabla ya jua hadi giza. Pori halina simu. Na wa mashariki nao? Nao pia. Lakini mashariki kuna nyumba ya wazee ya Mtakatifu Ludmila. Vyumba hamsini na nane, kila chumba na simu yake, kila chumba kwa kanuni ya Opal ni nyumba. Vibibi vya miaka tisini, wamelala na tasbihi mkono mmoja na simu mkono wa pili! Wanaipenda Pittsburgh kwa sababu padri wao wa zamani aliwahi kubariki uwanja.

Na waliobaki majumbani kwetu hawakupiga. Ni nani angepiga? Dale anaanza! Kila mtu alijua ni Cleveland, kama mtu anavyojua kesho kuna asubuhi.

Merle akaniuliza, si kwa kejeli: "Wewe ulipiga?"

Sikupiga. Mimi, Leona Hruska, maneno mia tisa — sikuinua simu.

Halafu kikaja kibaya zaidi. Alitoa karatasi ya pili. Barua ya kwenda New York, ya Jumanne jioni, kabla makala yangu haijatoka. Anaomba wabadilishe kwa mara moja tu, mama wa mchezaji ni mgonjwa, mji wake hauna njia nyingine. Miaka ishirini na mbili hajaivunja kanuni yake, na alikuwa anaivunja kwa ajili ya wifi yangu. New York huruhusu mabadiliko mpaka Alhamisi saa sita mchana. Lakini mwenye kituo lazima atie saini. Jumatano angetia. Leo asubuhi baada ya risasi amekataa. Amesema kituo hakitabadilisha mchezo mtu akiwa amekielekezea bunduki, leo mpira, kesho habari.

Na ana haki. Hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa mimi mwenye kituo ningesema hivyo hivyo, ningeandika na makala.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu. Tulikaa tukaitazama, yeye na mimi, mpaka ikapita saa sita. Kama watu wawili hospitalini.

Akinisindikiza alinionyesha mnara dirishani, kule juu kilimani, na dishi kubwa chini yake. Akasema kinachomsumbua ni kwamba michezo yote inashuka pale kwenye dishi, wa Cleveland pia. Ni swichi. Kidole kimoja. Ila akiigeuza bila kibali, mkataba wa kituo unakufa na kazi yake nayo, watu thelathini na wanne wanakwenda nyumbani. Fundi wa kuendesha mtambo zamu ya Jumapili ameshasema hapandi kilimani wiki hii, ana watoto. Atapanda Merle mwenyewe.

"Peke yako?" nikauliza.

"Mtu mmoja," akasema, "penseli moja."


Ijumaa, 6 Desemba

Sajini Wirth wa polisi amekuja ofisini. Mtu wa kiasi, kikombe cha kahawa mkononi, theluji kwenye buti. Ameweka ganda la risasi juu ya makala yangu. La shaba, limechakaa, refu kuliko ya siku hizi. Wameliokota ng'ambo ya barabara ya Quarry Lane. Alisema bunduki za risasi hii haziuzwi tena, labda ziko tano katika kaunti nzima. Je, kwa watu wanaonipigia simu, kuna aliyewahi kutaja bunduki ya namna hiyo?

Nikasema hapana.

Ni kweli, hakuna aliyewahi kutaja. Hivi ndivyo mtu msomi anavyodanganya.

Bunduki ile ni ya baba. Nimelala chini yake utotoni, ilikuwa ukutani juu ya kitanda chetu watoto. Baba alituruhusu kuchezea maganda, tukipuliza kama filimbi. Emil alikuwa anapuliza vizuri kuliko mimi. Iko ukutani kwake sasa.

Jioni nilikwenda. Nilibeba pirogi za kanisani, vile vimfuko vya unga vyenye viazi, ili niwe na sababu. Irma amehamishiwa sebuleni, kitanda kimeelekezwa kwenye runinga. Emil amepandisha runinga juu ya meza ili Irma asisumbuke na shingo. Ameinunulia antena mpya! Wanajaribu kunasa kituo cha Ohio, kile cha Youngstown, cha ng'ambo ya kilima. Kulikuwa na picha, kama mtu anayezama kwenye maziwa. Irma alisema anaona vizuri. Haoni. Alisema Dale amepiga simu kutoka hotelini, hawezi kula, naye amemwambia ale ndizi.

"Wifi, utakuja Jumapili tutazame?" akaniuliza.

Nikasema nitakuja. Macho yangu yalikuwa ukutani. Bunduki ilikuwepo mahali pake. Nilisogea karibu kama naangalia picha ya arusi. Ilinuka mafuta mabichi. Imesafishwa.

Emil alikuwa mlangoni ananitazama nikinusa.

Mimi! Nimegombana na maaskofu, na gavana, na mwanasheria wa kiwanda ana kwa ana kwenye mahakama ya kaunti. Nimemwogopa kaka yangu kwenye sebule yake, pirogi mkononi.

Nimerudi nikaandika masahihisho. Yatatoka kesho, ukurasa wa kwanza, Gus amekubali. Nimesema kila kitu: kura, kulungu, barua ya Merle. Nimesema sisi ndio hatukupiga simu na mimi wa kwanza. Sijataja bunduki.

Nilidhani ukweli utamtuliza mtu. Sasa nimelala kitandani najiuliza — mtu aliyeamini kuna mwizi, ukimwambia hakuna mwizi, ni majirani zako waliosahau, na mwenyewe ulikuwa porini — je, hasira yake inakwenda wapi?


Jumamosi, 7 Desemba

Haikwenda popote.

Masahihisho yametoka. Simu nne tu. Wawili walisema nimenunuliwa. Mmoja alilia, mke wa Novak, kumbe naye hakupiga na alikuwa nyumbani siku nzima anakanda unga. Wa nne alikata nilipoitikia.

Emil alikuja saa nane mchana. Hakuvua kofia. Gazeti lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko wa koti, niliona pembe ya jina langu. Alisimama jikoni akatazama jiko, si mimi.

Nilisema mengi. Nilisema Merle alijaribu, ana barua, nimeishika kwa mkono wangu. Nilisema taa ni taa tu, Wirth ni mtu wa kusikia, twende wote wawili leo, nitakaa kando yako. Nilisema Irma anakuhitaji nyumbani, si gerezani. Nilimsihi, mimi! Aliniacha nimalize. Siku zote huniacha nimalize.

Kisha akasema: "Jumatatu nilikaa juu ya mti kwa muda wa saa kumi na moja. Nikamkosa kulungu mara mbili, kwa sababu nilikuwa nafikiria Jumapili. Nilikuwa najiambia, angalau nyumbani mambo yako sawa."

Nikamwambia si kosa lake.

"Simjui huyo mtu," akasema. "Nilikuwa simjui kabisa. Wewe ndiye uliyenipa jina. Ukanipa na nyumba."

"Emil."

"Sasa unasema ni mwema." Alicheka kidogo kwa pua. "Ungeanza na hilo, mdogo wangu."

Mlangoni akauliza kama ni kweli Merle atakuwa kilimani mwenyewe Jumapili. Maana nimeandika hivyo. Nimeliandika! Nilitaka watu wamwonee huruma, nikaandika kwamba fundi ameogopa na mzee wa watu atapanda peke yake. Kwa mara ya pili katika wiki moja nimemchorea mtu ramani ya kumfikia Merle Ostrander. Nimesoma vitabu vyote vile. Nyumba nzima imejaa vitabu.

Nilisema sijui. Ameondoka.

Nimepiga kituoni. Jumamosi hakuna mtu, mashine inaitikia. Nimeiambia mashine Merle asipande. Nimepiga nyumbani kwao, wameng'oa simu ukutani tangu Alhamisi. Nimeendesha hadi Quarry Lane: mapazia yamefungwa, gari halipo, taa ya kibaraza ni shimo jeusi kwenye ubao. Jirani mwenye koleo alisema wamekwenda kwa dada wa mke. Wapi? Hajui. Alinitambua. Akaendelea kuchota theluji akiisogeza kwenye miguu yangu.

Wirth? Namba yake iko kwenye kadi mbele yangu. Nikimpigia, kaka yangu analala jela usiku huu na Irma anabaki na mtungi peke yake, Dale anapata habari hotelini. Na kwa jambo gani? Kwa kuuliza swali mlangoni?

Kesho asubuhi nitakwenda kukaa na Emil. Nitakaa juu ya miguu yake ikibidi.


Jumapili, 8 Desemba

Saa nne. Theluji imeanguka tangu alfajiri, nusu mita na bado. Gari langu halionekani, ni kilima kidogo tu uani. Emil anaendesha gari la kaunti la kusukuma theluji, kwa hiyo ameitwa kazini. Nimefurahi! Nimekaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Yuko kazini, atasukuma barabara siku nzima, mungu wa theluji ametuokoa.

Saa tano na nusu. Amepita hapa. Nilimwona dirishani, gari lile kubwa la chungwa, taa ya njano inazunguka juu. Alipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu. Nilimpungia. Sijui kama alipunga, kioo kilikuwa na ukungu. Aliendelea kuelekea kaskazini.

Kaskazini kuna nini? Shamba la Pruitt. Machimbo. Na barabara ya kilima.

Barabara ya kilima ni ya kituo, si ya kaunti. Kaunti haiisukumi.

Saa sita na robo. Nimempigia Irma. Sauti yake nyepesi, ya furaha. Alisema kituo cha Youngstown hakishiki kabisa kwa theluji hii, basi atatazama Pittsburgh, angalau wanaonyesha matokeo ya michezo mingine chini ya skrini, ataliona jina. Ataliona jina la mtoto wake likipita chini! Nikamwuliza, kama kwa mazungumzo tu, kama Emil amekula. Akasema amebeba mkate na kahawa. Nikamwuliza, Mungu nisamehe, nini kiko ukutani juu ya picha ya arusi.

Nikasikia mtungi ukipumua.

"Ameichukua," akasema. "Nilidhani ni kwa ajili ya kulungu."

Leo ni Jumapili. Sheria ya Pennsylvania, kila mtoto hapa anaijua kabla ya kujua kusoma: kulungu hawapigwi Jumapili. Irma anaijua. Akasema labda ameipeleka kutengenezwa. Nikasema labda.

Saa sita na dakika hamsini. Nimejaribu kutoka. Theluji kiunoni mlangoni. Nilifika kwenye sanduku la barua nikarudi, moyo unagonga masikioni. Maili nne hadi kilimani. Nina miaka hamsini na mitatu na buti za mjini.

Nimempigia Wirth. Ndiyo. Nimefanya hivyo. Hayupo, yuko kwenye ajali barabara kuu, lori limelala. Mwanamke wa simu akaniuliza ni dharura gani. Nilifungua mdomo. Nikasema atakaporudi anipigie. Jina? Hruska. Yule wa gazeti? Yule wa gazeti.

Saa saba. Runinga imewaka. Pittsburgh. Wanatoka kwenye handaki la uwanja kwa moshi, jezi nyeusi na dhahabu. Vibibi vya Mtakatifu Ludmila wanafurahi sasa hivi. Naandika nikitazama, siwezi kutazama bila kuandika.

Nimepata namba ya simu ya mnarani kwenye daftari la zamani la Gus. Inaita. Inaita. Hakuna anayepokea. Labda Merle hakupanda! Lakini kama hakupanda, nani amewasha mtambo?

Saa saba na dakika kumi na mbili. Jina limepita chini ya skrini. Cleveland sifuri, Miami sifuri. Hruska, pasi mbili kati ya tatu. Mbili kati ya tatu, Dale!

Napiga mnarani tena. Inaita.

Saa saba na dakika kumi na tisa. Skrini imekuwa nyeusi.

Sekunde tano. Kumi. Nilidhani ni umeme lakini taa ya jikoni inawaka.

Kisha rangi. Nyasi za kijani! Jua, miti ya michikichi nyuma ya uwanja, watu wamevaa mashati ya mikono mifupi. Kofia za chungwa. Na katikati yao kijana mrefu anayeinama, anapuliza vidole vyake kama anavyofanya tangu ana miaka saba — ni Dale. Ni Dale! Kwenye Chaneli 19, bila theluji hata chembe, picha safi kama dirisha.

Honi za magari zinalia barabarani. Kwa Novak wamefungua mlango, nasikia wakiimba. Mji mzima wa magharibi unapiga kelele. Mmoja amepiga bunduki hewani kwa furaha, nikaanguka chini ya meza, ndiko ninakoandika sasa.

Simu. Irma. Analia, anacheka, bomba linampigia filimbi. "Unamwona, wifi? Amekonda. Unamwona? Yule bwana wa kituo, Mungu ambariki, amekubali mwenyewe." Kisha akauliza: "Emil yuko wapi, lakini? Anakosa haya yote, yuko wapi?"

Nikasema yuko njiani. Nikasema tazama, wanarusha.

Nimerudi dirishani. Theluji imepungua kidogo, kilima kinaonekana. Taa ya njano iko kule juu, chini ya mnara. Inazunguka. Haisogei.

Kidole kimoja, alisema. Labda Merle aliigeuza swichi mwenyewe. Alikuwa ameshaandika barua, ni mtu wa kuandika barua ya namna ile. Labda walikunywa kahawa ya Emil.

Namba ya mnarani. Inaita mara sita, mara saba. Imepokelewa. Nasikia mchezo kwa mbali, ule ule ninaouona hapa, na mtu anapumua.

"Emil," nasema. "Mpe simu Merle."

Dale amerusha. Mpira uko hewani, mrefu. Kule kwenye simu pumzi imesimama, naye anautazama.

"Emil. Mpe simu."